Nyama Isiyopita Bariyeri

Katika mtaa wa Bwiza, kisu cha Atumani kilijulikana kuliko Atumani mwenyewe. Alikirithi kwa baba yake, na kilikuwa kimenolewa miaka mingi hata kikabaki chembamba kama jani la muhindi. Waislamu walimwita awachinjie kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Wakristo nao walimwita, kwa kuwa hakuna arusi ya Bwiza isiyokuwa na jirani Mwislamu, na ni aibu mgeni mmoja ale wali mtupu huku wenzake wanavuta mishikaki. Basi ukitaka mtaa mzima ule chungu kimoja, ulimtuma mtu kwa Atumani. Naye alikuja polepole, kanzu imepigwa pasi, kisu kimefungwa katika kitambaa cheupe, akitembea kama mtu ajuaye kwamba bila yeye karamu haipo. Alikuwa na maringo, tusifichane. Lakini yalikuwa maringo ya mtu mwenye kazi yake.

Ndipo vita vilipoingia hadi kwenye sufuria. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, petroli ikawa inauzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi, na barabara za kutoka milimani zikawa hazipitiki ila kwa msafara wa askari. Ng'ombe waliacha kuteremka mjini. Mbuzi waliteremka wachache, tena kwa bei ya kumtia mtu homa. Atumani alikwenda kumgombeza Byamungu, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akiwanunua huko juu na kuwauza Bwiza. Alimwambia kwamba wanyama wamekonda na bei imenona. Byamungu hakukasirika. Alimweleza kwamba kule milimani mbuzi bado ni rahisi. Ila kwenye kila bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, anaacha kitu, na mwenye lori anadai chake, na mmoja kati ya watano anapotea njiani bila aliyeona.

"Nyinyi watu wa Bwiza munafikiri munanunua mbuzi," alisema. "Apana. Munanunua barabara."

Neno hilo lilimkaa Atumani kichwani. Alilibeba hadi nyumbani, na alilifikiria kila alipokitazama kisu chake kimelala kwenye kitambaa kutoka Jumamosi hadi Jumamosi.

Katikati ya ukame huo wa nyama, binti yake Houda akaposwa. Mchumba alikuwa Rachid, fundi wa magari, kijana mwenye adabu na mikono isiyotakata hata aisugue kwa mchanga. Rachid alilelewa na shangazi yake, muuza vitenge, mwanamke mwenye jicho la sokoni: akigusa nguo mara moja alikuambia imefuliwa mara ngapi. Siku ya ndoa, kwa desturi yao, nyumba ya binti ndiyo inayowalisha wote wanaomsindikiza bwana arusi. Na Atumani, kwa maringo yale yale, alikuwa ameshasema mbele za watu kwamba mgeni atakayetoka kwake bila kula nyama amwite mwongo. Haijawahi kusikika kwamba binti wa mchinjaji ameolewa kwa maharage.

Alikuwa na mbuzi mmoja tu. Jike la madoa, sikio la kushoto limechanwa na mbwa, alikuwa akimfunga nyuma ya nyumba na kumtunza kama mgonjwa. Kwa wageni waliotazamiwa, mbuzi huyo angetoa vipande vya ukubwa wa ukucha. Atumani alihesabu kwa njia zote anazozijua mtu wa kazi yake. Alihesabu maini, utumbo, kichwa na miguu, na kila hesabu ilimrudisha kwenye aibu ile ile.

Siku moja mchana alikuta mkewe Asiya amepika mchuzi wa karanga. Ndani yake kulikuwa na vipande laini, vinene, vyenye nyuzi, vinavyokataa kidogo meno kabla ya kukubali. Atumani alikula, akarudia, akafuta sahani kwa bugali. Kisha akauliza swali analouliza maisha yake yote kabla ya kusema Alhamdulillahi.

"Nani alichinja?"

Asiya alicheka hadi akakaa chini. Akamwambia hakuna mutu alichinja, ni buyoga, ameinunua sokoni kwa Pontien wa Carama. Atumani hakuamini. Uyoga alioujua yeye ulikuwa ule wa mvua, watoto wanauokota ukiwa umejaa mchanga, na leo unakula, kesho unazikwa. Alifunua chungu, akachukua kipande, akakichana kwa kucha akifuata nyuzi zake, akakinusa. Maskini, hakulala vizuri usiku huo, na si kwa tumbo.

Asubuhi alikwenda Carama, pembezoni mwa mji, kwa miguu. Pontien alikuwa amewahi kufanya kazi katika maabara moja ya kilimo. Mishahara ilipokatika na kituo kufungwa, alirudi nyumbani na chupa chache za mbegu ya uyoga mkobani. Sasa alikuwa na chumba kimoja cha udongo chenye giza, na ndani ya chumba hicho Atumani aliona kitu kilichomfanya asimame mlangoni kama mtu aliyeingia msikiti wa ugeni. Mifuko ya plastiki ilikuwa imening'inia kwa safu, imeshindiliwa majani makavu ya migomba. Kutoka kwenye matundu ya kila mfuko nyama ilikuwa inatoka. Ilikuwa nyeupe, pana, imepandana kama masikio ya ndama, na ilikuwa ikikua hapo hapo mbele yake, bila malisho wala mchungaji.

Pontien alimweleza kwa subira. Mtama unachemshwa nusu kuiva, unatiwa katika chupa, chupa inazibwa kwa pamba na kufukizwa kwa mvuke ndani ya pipa hadi kila kijidudu kife. Ikipoa, unaitia punje kidogo kutoka katika chupa mama, ile yenye mbegu hai. Baada ya majuma machache mtama wote unakuwa mweupe, na chupa hiyo nayo ni mama. Moja inazaa kumi, na kila moja katika hizo kumi inalisha mifuko kadhaa ya majani ambayo watu wa Carama huchoma moto kwa kukosa kazi nayo. Gharama ni mbili tu, alisema: chupa mama ya kwanza, na kuni za mvuke. Chupa mama ndiyo ghali, kwa kuwa mbegu safi haipatikani tena. Lakini inanunuliwa mara moja tu.

Atumani aliutazama mfuko uliokuwa karibu naye. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama nyama hii inahitaji kupita bariyeri yoyote kufika Bwiza.

Pontien alicheka. Alisema kwamba mbegu yake inapita mfukoni.

Hapo ndipo moyo wa Atumani ulipolipuka. Alirudi mjini kwa kupitia Kinama akizungumza peke yake. Askari wa bariyeri walimsimamisha wakamuuliza amebeba nini. Akajibu kwamba hakubeba kitu, na jibu hilo lilimfurahisha hata akalirudia bila kuulizwa. Mbuzi mmoja anataka mwaka mzima, majani, maji, kamba, mchungaji na bahati. Majani ya migomba yanataka giza na usafi. Alijisikia mwepesi, kama kijana aliyepewa jibu la ndiyo.

Asiya alipolisikia shauri, furaha yake ya jana iliisha. Chupa mama na kuni havikununuliwa kwa maneno, na katika nyumba hiyo kitu cha kuuza kilikuwa kimoja, chenye madoa na sikio lililochanika.

"Baba Houda," alisema, "we ni muchinjaji. Utauza mbuzi ya arusi ya mutoto wako, ununue chupa?"

Atumani alimjibu kwamba mbuzi mmoja akichinjwa ataisha saa ile ile, bali akiuzwa atazaa nyama isiyokwisha. Asiya alisema hajawahi kuona mbuzi akizaa baada ya kuuzwa. Walizozana hadi Houda akaingia na kusema baba afanye atakavyo, mradi siku hiyo asijifiche. Maneno hayo yalimchoma Atumani kuliko ya Asiya. Kesho yake alimpeleka mbuzi kwa Byamungu, akampapasa sikio lile, akaondoka bila kugeuka. Maji ukishayavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Chupa mama alikwisha kuinunua kwa Pontien; sasa alihitaji chupa tupu, na Bwiza, kama unavyoijua, ina chupa tupu za aina moja. Atumani, mchinjaji, mtu wa safu ya mbele msikitini, akaanza kuzunguka kwenye mabaa akinunua chupa za bia. Alizibeba kwa makreti, mchana kweupe, kanzu imepigwa pasi. Siku ya kwanza watu walidhani anazipeleka kwa mtu. Siku ya pili walianza kumwamkia kwa upole wa pekee, kama mtu aliyefiwa. Siku ya tatu ilikuwa imeshajulikana hadi mtaa wa Buyenzi kwamba vita vimemshinda Atumani, amekimbilia ulevi, na kwamba si kidogo.

Yeye hakusikia kitu. Alikuwa kwenye pipa lake. Alichemsha mtama, akajaza, akaziba, akafukiza kutwa nzima hadi mzigo wa kuni ukaisha. Pontien alikuwa amemwambia aziache zipoe kwanza. Sasa, muulize mchinjaji yeyote namna ya kupoza kitu kisiharibike, atakuambia: kitundike penye upepo. Nyama isiyopata upepo inaoza. Hilo Atumani alilijua tangu utoto, na hakuliona kuwa ni jambo la kumuuliza mtu. Alifungua dirisha na mlango, akazing'oa pamba zote ili chupa zivute hewa, akazipanga pale upepo wa ziwa unapopita. Alisimama kando akiona raha. Zilipopoa akazitia mbegu, karibu yote aliyokuwa nayo, akabakiza kidogo chini ya chupa mama kwa sababu mkono wake haukuzoea kumaliza kitu.

Majuma mawili baadaye chupa zote zilikuwa za kijani. Ulikuwa ukungu wenye vumbi, na ulinuka kama godoro la msafiri. Atumani alikuwa amekaa katikati yake, kichwa mikononi, mlango wazi, wakati shangazi yake Rachid alipobisha hodi.

Alikuwa amekuja kuhakikisha. Habari za ulevi zilikuwa zimemfikia, naye hakuwa mtu wa kununua kitambaa kwa kuambiwa. Asiya alijaribu kumkaribisha sebuleni, lakini mama huyo alikuwa amekwisha kuona makreti. Akaingia, akasimama, akachukua chupa moja akaisogeza puani. Hakusikia bia. Alisikia ukungu. Atumani alimweleza yote, tangu mchuzi wa karanga hadi mbuzi aliyeuzwa, na kadiri alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kusikika kama ya mlevi. Alipomaliza alikuwa anatokwa jasho.

Shangazi aliiweka chupa mahali pake taratibu.

"Arusi hatuvunji," alisema. "Houda ni mutoto muzuri. Lakini watu wangu, Baba Houda, wanakulaka nyama."

Akaenda. Afadhali angepiga kelele. Kelele unaweza kuijibu.

Usidhani Atumani alikata tamaa. Aliona aibu, ndiyo, aibu ya kumfanya mtu atembee kwa kupitia uchochoroni. Lakini chini ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kinachomwasha: alikuwa ameiona kwa macho yake, pale Carama, nyama ikitoka kwenye majani. Haikuwa ndoto. Akaichukua chupa mama na mbegu yake kidogo, akaenda kumwonyesha Pontien chupa moja ya kijani na kumsimulia alivyoipoza.

Pontien aliposikia habari ya dirisha alishika tumbo kwa kicheko. Kisha akaona uso wa mwenzake, akamwekea mkono begani.

"Muzee," alisema, "nyama yako we imekwisha kufa, ndiyo maana upepo ni rafiki yake. Hii yangu iko hai. Upepo unaileteaka maadui."

Miaka yote ile Atumani alikuwa akishika nyama baada ya uhai kuondoka. Hakuwahi kushika nyama ambayo kazi yake yote ni kuulinda uhai uliomo. Alilisema hilo kwa sauti, na lilipotoka kinywani akaanza kucheka, akacheka kama Asiya siku ya mchuzi, na Pontien akacheka naye.

Safari ya pili alifanya kila kitu kinyume. Kuni hakuwa nazo tena, lakini jirani yao Spès alikuwa akichemsha maharage ya kuuza katika pipa kubwa, moto ukiwaka kutwa na mvuke ukipotea angani. Walikubaliana: chupa zikae juu ya mvuke wa maharage, naye Spès apate uyoga wa kwanza utakaotoka. Gharama ya kuni ikafutika hivyo hivyo, kwa moto wa mtu mwingine. Kisha Atumani alijifungia chumbani. Alikuwa ameziba kila ufa kwa matambara, akaosha mikono hadi viwikoni kama anayekwenda kuswali, akawasha taa ya spiriti, na katika joto la kumkaanga mtu akaanza kuhamisha punje, chache chache, kutoka kwa mama kwenda kwa watoto. Kwa kila chupa alisema Bismillahi. Hakupanga kusema, ulimi ulikuwa umezoea kutangulia mkono.

Alingoja. Nyumba nzima ilingoja. Mlio wa bunduki ukisikika upande wa milimani jioni, watu wengine walifikiria watoto wao na fedha zao, na Atumani alifikiria watoto wake na chupa zake. Ikawa siku moja anapoinua chupa kwenye mwanga, anaona uzi mweupe umetambaa kutoka punje hadi punje. Kesho yake ukawa nyuzi. Kisha chupa zote zikajaa weupe mtupu, kama zimemiminiwa maziwa yakaganda. Alimwita Asiya, na Asiya, aliyekuwa ameapa kutoingia chumba hicho, aliingia, akatazama, akasema polepole kwamba inapendeza.

Wakashindilia majani ya migomba mifukoni, yaliyofukizwa juu ya maharage yale yale na kuchanganywa na mtama ule mweupe. Wakatundika. Juma la arusi vilitokea vichwa vidogo, kama vya njiti za kiberiti, na asubuhi iliyofuata vilikuwa vya ukubwa wa vifungo, na iliyofuata tena vilikuwa masikio. Ukivipa kisogo vinakua! Atumani alikuwa anaamka, anatazama, anatoka, anarudi kutazama tena, na Houda alimcheka akisema kwamba baba ana wivu, hataki vikue akiwa hayupo.

Asubuhi ya ndoa alivuna. Kisu kile kilichokaa bila kazi kilitoka kwenye kitambaa chake. Hakukata ovyo: alifuata nyuzi, kwa urefu, vipande vinene vya kukaa vizuri kwenye vijiti, kama anavyofuata nyuzi za paja. Asiya alivilaza katika ndimu, vitunguu saumu, pilipili na mafuta ya mawese. Kabla ya saa sita moshi wa mishikaki ulikuwa umeivuka barabara, na watu ambao kwa wiki nyingi walimwamkia kwa huruma walianza kupita mara mbili mbili mbele ya nyumba. Arusi zilikuwa za mchana siku hizo, kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku, na njaa ya mchana haina haya.

Nikaha ikasomwa. Msafara wa bwana arusi ukaingia kwa vigelegele, na mwisho wake akaingia shangazi, amejifunga kitenge kipya, mkononi ameshika kamba. Kwenye kamba kulikuwa na mbuzi.

Vigelegele vilipungua vyenyewe. Kila mtu alielewa: upande wa mume umejiletea nyama kwa kuwa upande wa mke hauna. Shangazi hakusema neno la matusi. Alimkabidhi Atumani kamba, kwa heshima, akasema alimnunua kwa Byamungu, kwa bei ambayo hataki kuikumbuka, na kwamba mchinjaji yupo, hivyo wageni hawatangoja sana.

Atumani alishika kamba. Mbuzi akamnusa kiganjani. Alikuwa jike la madoa, sikio la kushoto limechanika.

Kamba ikiwa mkono mmoja na kisu mkono wa pili, Atumani alimwomba shangazi jambo moja: ale kwanza. Akishakula, akisema achinje, atachinja pale pale mbele ya wote. Hakuficha kitu. Akatangaza kwa wageni kwamba kinachochomwa hapo ni buyoga, hakina shingo, hakuna aliyekichinja, na kwamba kimekua katika chumba cha nyuma, ndani ya chupa zile walizozisema sana.

Asiya alifumba macho. Houda hakufumba.

Shangazi alipokea mshikaki. Aliugusa kwanza kwa vidole, kama anavyogusa kitenge. Akauma. Akatafuna muda mrefu. Alimaliza kijiti, akakiweka kando, akanyoosha mkono kuomba cha pili bila kumtazama mtu. Katikati ya hicho cha pili aliuliza majani ya migomba hununuliwa kiasi gani. Atumani akajibu kwamba hupewa bure. Akauliza kuni. Akajibiwa kwamba ni mvuke wa maharage ya Spès. Akauliza chupa moja inazaa ngapi, na alipoambiwa akaacha kutafuna kidogo, midomo ikihesabu.

"Funga kisu, Baba Houda," alisema. "Ile mbuzi ibaki kwenu, izae. Lakini chupa moja ya mama iende na mutoto."

Vigelegele vilivyopasuka hapo vilisikika hadi soko la Bwiza. Atumani alitaka kusema kitu kizuri, cha mtu mzima, akashindwa. Machozi yalimtoka mbele ya watu na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imejaa. Mishikaki ikagawanywa kwa Waislamu na Wakristo, kwa Pontien wa Carama aliyekaa karibu na Spès, hata kwa Byamungu aliyekuja kuitazama aibu ya Atumani akabaki kula.

Alasiri, kabla ya saa ya amri, Houda alipanda gari ambalo Rachid alilitengeneza kwa mikono yake, akakaa kiti cha mbele na shela lake. Masanduku yalikuwa nyuma. Kitu kimoja tu hakukubali kiwekwe nyuma kwa hofu ya kutikisika. Akakipakata mwenyewe mapajani, kwa mikono miwili yenye hina, wakapita polepole mbele ya mabaa yote ya Bwiza: binti wa mchinjaji, siku ya arusi yake, na chupa ya bia.